Sifuri nyekundu kwenye rejista

Ugomvi ulianzia kwa kipepeo.

Mjukuu wangu yuko gredi ya nne. Ijumaa moja baada ya sala ya alasiri nilikuwa naye barazani kwa kakangu, Kibokoni, hapa Mombasa. Kahawa ishamiminwa, kashata ziko kwenye sinia, na mtoto kwa furaha yake akaanza kusimulia mambo ya shuleni. Mwalimu wao aliandika ubaoni "kipepeo kinaruka". Yeye akanyosha mkono: "Mwalimu, ni kipepeo anaruka." Mwalimu akaugeukia ubao, akautazama kidogo, akafuta, akaandika upya. Kisha akamwambia, "Asante, umenisaidia."

Kakangu alikuwa amekipeleka kikombe kinywani. Akakirudisha chini.

"Asante? Mwalimu amekuambia wewe asante?"

"Ndiyo, babu."

"Na hukuchapwa?"

Mtoto alicheka. Alidhani babu yake afanya mzaha.

Basi hapo ikawa kama mtu aliyetia njiti kwenye makuti. Wazee wote wa pale barazani walikuwa na la kusema. Mmoja akasema watoto wa siku hizi hawasomi, wabembelezwa. Mwingine akasema kesho mtoto atakalia kiti na mwalimu akae sakafuni. Kakangu, ambaye amestaafu bandarini na sauti yake bado ni ya mtu aliyezoea kushindana na winchi, akamaliza na lile neno ambalo mabaraza yote ya Mombasa yalijua kwa moyo: "Sisi tulichapwa, na tukawa watu." Kisha wakanigeukia mimi. "Mwalimu, si kweli?"

Nilifundisha shule za msingi za serikali hapa Mombasa miaka 39, tangu 1980 mpaka nilipostaafu 2019. Kwa hivyo walitarajia niunge mkono. Nikachukua kashata nikatafuna polepole, maana kipande cha kashata ni kinga nzuri kwa asiyetaka kujibu.

Sikutaka kujibu kwa sababu nilikuwa nimekumbuka ng'onda.

Mwaka wa 1969 nilikuwa darasa la nne. Baba yangu aliuza samaki Marikiti, na nyumba yetu ilinuka hivyo Jumatatu hadi Jumatatu. Mwalimu wetu alitoka bara, kijana nadhifu, mwandiko wake kama wa mashine. Siku hiyo aliandika aina za samaki: changu, tafi, kolekole, ng'onda. Nikanyosha mkono. Nikamwambia ng'onda si aina ya samaki. Samaki yeyote akipasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa, huyo ndiye ng'onda. Nilisema kwa heshima zote, na nilijua nisemalo, maana asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimegeuza ng'onda juu ya mkeka kabla ya kuvaa sare.

Aliniita mbele. Nikanyosha kiganja, akaniambia geuza. Alinipiga kwa ukingo wa rula juu ya vifundo vya vidole, mara nne. Watu wa umri wangu wajua tofauti ya kiganja na vifundo.

Nyumbani nilimwambia mama. Akauliza, "Kwani wewe ndiwe uliyekwenda kufundisha?" Akaniongeza kofi. Mama hakuwa mkatili. Ndivyo alivyolelewa yeye, na ndivyo alivyonikabidhi chuoni, yaani madrasa, nikiwa na miaka mitano: alinishika mkono mpaka kwa maalim, akasema, "Nyama yako, mifupa yangu." Maalim alikuwa na henzerani ndefu kiasi kwamba aliweza kumfikia mtoto wa safu ya nyuma bila kuinuka kwenye mkeka wake. Tulihifadhi Juzuu Amma chini ya kivuli cha henzerani hiyo, na sitaki kudanganya, mpaka leo naijua bila kutia kosa. Kakangu naye aijua. Huo ndio ushahidi wake mkubwa.

Lakini kwa ile ng'onda, sikunyosha mkono tena mpaka nikaufanya mtihani wa CPE, wa kumaliza shule ya msingi. Na mwalimu yule mpaka anahamishwa aliendelea kuwafundisha watoto wa wavuvi kwamba ng'onda ni aina ya samaki.

Nilipohitimu ualimu wa P1, cheti cha kufundisha shule za msingi, nikapangiwa shule ya kisiwani. Ilikuwa miaka ya maziwa ya Nyayo, zile pakiti za pembe tatu, na kazi yangu ya kwanza nikiwa mwalimu mgeni ilikuwa kuhesabu pakiti na kuwatenganisha waliozipasua kwa meno wakarushiana. Wiki ya kwanza, mwalimu mmoja mkongwe alinikuta nimesimama mlangoni mwa darasa nikibembeleza kelele zitulie. Akaniletea ufito wa mpera, umeshakwanguliwa maganda. "Chukua hii," akasema. "Chaki peke yake haitoshi."

Niseme haki ya wale wakongwe, maana vijana wakisikia habari za fimbo hudhani hatukuwa na kingine. Walikuwa na viwango ambavyo sijaviona tena. Mwalimu mkuu wetu alitaka azimio la kazi, yaani mpango wa kufundisha, mezani kwake kila Jumatatu, na alilisoma, tena alama za kusoma alizitia kwa kalamu. Daftari za watoto zilisahihishwa siku hiyo hiyo. Ukizibeba nyumbani ulionekana mvivu. Aliweza kuingia darasani kwako bila hodi, akaketi dawati la nyuma na watoto, magoti yamemfika kifuani, akasikiliza kipindi kizima. Akitoka hakusema neno. Ungeitwa baadaye, akuambie kwa sauti ya chini kwamba umemuuliza swali mtoto yule yule mara sita na safu ya dirishani hukuigusa. Yule mzee alinifundisha ualimu kuliko chuo.

Na alichapa. Alichapa kwelikweli.

Mambo yalibadilika ulipokuja mwaka wa 1985 mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Kwa mwalimu wa Kiswahili kama mimi ilikuwa neema, kwa sababu Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa. Zamani kipindi changu kiliweza kuchukuliwa na mwalimu wa hesabu bila hata kuniomba radhi. Sasa nikawa mtu. Lakini neema hiyo ilikuja na KCPE, mtihani mpya wa kumaliza msingi, na KCPE ikaja na orodha za magazetini za shule zilizoongoza na zilizoburuta mkia. Wazazi walisoma orodha hizo, na mwalimu mkuu alizisoma kabla yao. Neno "mini", yaani wastani wa alama za shule, likaingia ofisi ya walimu na halikutoka.

Tukaanza kuchapa kwa hesabu. Unawawekea lengo, tuseme alama 60. Aliyepata 52, viboko vinane. Aliyepata 57, vitatu. Kwa darasa la watoto arubaini na kitu, Ijumaa ya kurudisha karatasi ilikuwa kazi ya mikono kama kutwanga. Bega la kulia likichoka, nilihamisha fimbo. Nilijifunza kuchapa kwa mkono wa kushoto. Mpaka leo siwezi kuandika kwa kushoto, wala kukoroga chai, lakini kuchapa niliweza. Aliyepata 20 alistahili arubaini, nami nilimpa kumi tu, nikajiona mwenye huruma.

Ninalolikumbuka kwa uchungu si viboko vyenyewe. Nikimaliza foleni ile, kengele ilikuwa imeshalia. Karatasi zilirudi mikobani. Yale maswali waliyoyakosa, sikuyafundisha upya. Ningeyafundisha saa ngapi? Jumatatu tuliendelea na ngeli nyingine. Aliyekosa umoja na wingi wa "ufito" alipata ufito, na wingi wake hakuujua.

Jambo jingine nalitaja kwa kifupi, na wa rika langu watacheka kwa aibu: diski. Ilikuwa kipande cha mbao chenye kamba, avishwe shingoni atakayekutwa akiongea Kiswahili badala ya Kiingereza. Hapa Mombasa! Mtoto kazaliwa Kuze, mamake Kuze, bibi yake Kuze, avishwa mbao kwa kuomba kifutio kwa lugha ya nyumbani kwao. Jioni wote waliopitiwa na diski walichapwa. Kipindi changu kilipofika, mtoto aliingia na mbao shingoni. Nilimvua, nikaiweka mezani, nikafundisha Kiswahili dakika thelathini na tano, kengele ikilia nikamrudishia. Nilifanya hivyo miaka. Sikuwahi kusimama kwenye mkutano wa walimu nikauliza maana yake.

Mwaka wa 2001 ulikuja waraka. Viboko vimepigwa marufuku shuleni. Mwalimu mkuu, huyu alikuwa mwingine, alitusomea huku amesimama, akaukunja, akasema, "Mmesikia." Ofisi ikanyamaza. Kisha mwenzetu mmoja wa darasa la nane akauliza, "Sasa tutafundishaje?" Hakuna aliyecheka, kwa sababu sote tulikuwa na swali hilo hilo.

Ni siku hizo nilipokuja kujua kanuni zenyewe zilizokuwa zikifutwa. Zilikuwa za 1972. Zilisema anayeruhusiwa kuchapa ni mwalimu mkuu peke yake, baada ya kulichunguza kosa, mbele ya shahidi lakini si mbele ya wanafunzi wengine, viboko visizidi sita, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Nilikuwa nimefundisha miaka 21 na sijawahi kukiona kitabu hicho. Sikuwahi kukisikia. Kwa hivyo tulipokuwa tukilalamika kwamba sheria imetunyang'anya fimbo, ukweli ni kwamba fimbo zile nyingi hatukuwa nazo kisheria tangu mwanzo. Nilimweleza kakangu habari hii siku moja, akasema hizo ni kanuni za makaratasi. Sawa, lakini na bandarini kwao kulikuwa na kanuni za makaratasi za winchi, na alizifuata.

Sikuacha siku hiyo. Naandika haya kwa jina la ukweli, basi niyaandike yote. Baada ya 2001 nilichapa tena, mara kadhaa, mlango umefungwa, kwa rula, na nikamwambia mtoto asiseme kwao. Ile "usiseme kwenu" ndiyo iliyonisumbua usiku. Mamangu mimi alijua nimechapwa na akaniongeza. Sasa nilikuwa nafanya jambo la kufichwa, na jambo la kufichwa kati ya mtu mzima na mtoto wa watu, hata jina lake ni baya.

Kilichonimalizia ni Januari 2003, elimu ya msingi bila malipo. Asubuhi ya kufungua shule foleni ilitoka langoni ikazunguka ukuta. Walikuja watoto wa miaka sita na watoto wenye ndevu. Walikuja waliokuwa wakisukuma mikokoteni ya maji na wakaiegesha nje. Darasa langu lilikuwa na watoto 48 Novemba. Januari nilihesabu 97. Dawati la watatu likakaliwa na watano, na waliobaki wakakaa sakafuni mpaka chini ya ubao, nikawa naandika nikichunga nisimkanyage mtu vidole.

Watoto 97 huwezi kuwachapa. Si suala la sheria tena, ni suala la mkono. Siku ya tatu nilikuwa sina sauti. Nilisimama mbele yao, kelele zimejaa mpaka darini, nikakumbuka bibi yangu alivyokuwa akitunyamazisha sisi kumi na mmoja jikoni wakati wa kusubiri wali wa nazi. Nikasema, kwa ile sauti iliyobaki, "Kitendawili!"

Walio mbele wakajibu, "Tega!"

"Kitendawili!"

Sasa nusu ya darasa: "Tega!"

Mara ya tatu lilijibu darasa zima, na darasa la jirani likajibu nalo kupitia ukutani. Nikatega: nyumba yangu haina mlango. Kimya. Watoto 97 kimya, wafikiri yai. Nilikuwa na miaka 44 na nilikuwa sijawahi kulinyamazisha darasa bila kulitisha.

Nisije nikaonekana nimegundua dawa. Kitendawili kilifanya kazi wiki mbili, kisha wakakizoea, nikahitaji kingine. Ndiyo shida yenyewe. Fimbo haikuhitaji maandalizi. Iliegemea pale kona, leo, kesho na mwakani. Bila fimbo ilinibidi nilale nikijua kesho nitaingiaje darasani. Nilijifunza kuwagawa vikundi na kumpa aliyejua amfundishe asiyejua. Nilijifunza kusahihisha kwa zamu, safu mbili kila siku, kwa sababu daftari 97 hazisahihishiki. Nilijifunza kufundishia nyuma ya darasa, maana watundu hukaa walipo mbali na mwalimu, na mwalimu akihama, nyuma inakuwa mbele. Yule mzee wa dawati la nyuma alikuwa ameyajua haya tangu 1980. Nilikuwa sikumsikia kwa sababu nilikuwa na njia ya mkato mkononi.

Sasa nije kwenye rejista, maana ndiyo iliyoyafumua yote.

Miaka michache kabla ya kustaafu, shule ilisafisha stoo. Makaratasi yalirundikwa uwanjani yachomwe. Nilipita nikaona rejista za miaka ya themanini na tisini zimefungwa kwa kamba ya katani, na juu kabisa mwandiko wangu. Nikamwomba mwalimu mkuu nizichukue tano, za darasa nililolianza nikiwa mwalimu wao mwaka wa 1988, darasa la nne, nikapanda nalo mpaka darasa la nane, 1992. Akaniruhusu. Alifikiri nataka ukumbusho, nami nilifikiri hivyo hivyo.

Wasiojua rejista ya karatasi: kila mtoto ana mstari wake, kila siku ina vyumba viwili, asubuhi na alasiri. Aliyekuja humtilia kijistari kwa wino wa buluu. Aliyekosa, sifuri kwa wino mwekundu. Nilijivunia rejista zangu. Hazina doa.

Rejista ya 1988 ina majina 46. Niliyatafuta yale yale kwenye rejista ya 1992, nikapata 29. Watatu walihama na barua za uhamisho, nimeandika pembeni. Wamebaki 14. Ukimfuata mmoja mmoja kwa kidole, ni hadithi ile ile: buluu, buluu, nyekundu moja. Buluu. Nyekundu mbili. Kisha wiki nzima nyekundu, kisha mwezi, kisha nimechukua rula nikapiga mstari juu ya jina, nadhifu, nikaandika "ameacha".

Ameacha. Si "tumemwacha", si "ameachishwa". Niliandika neno hilo mara 14 kwa mwandiko mzuri.

Siwezi kusema fimbo ndiyo iliyowatoa wote. Ndiyo miaka ambayo serikali ilianza kuwataka wazazi wachangie gharama, na kulikuwa na pesa za majengo, za mitihani, za dawati. Aliyekosa alirudishwa nyumbani. Wawili kati ya wasichana wale waliolewa, harusi ya mmoja nilikula biriani yake. Wengine tuliwataka warudie darasa la saba ili wasituvutie mini chini, wakaona haya kukaa na wadogo zao, wakapotea. Lakini nilipotazama sana nikaona jambo. Nyekundu nyingi za mwanzo ziko siku moja ya wiki. Ijumaa. Siku ya karatasi.

Nilikaa na rejista ile mapajani mpaka umeme ukakatika.

Tangu nistaafu hukutana na wanafunzi wangu wa zamani kila mahali. Kwenye feri ya Likoni mmoja alinipisha kiti. Benki mmoja alinitoa kwenye foleni. Wote husema vile vile, wanacheka: "Mwalimu, zile fimbo zako! Bila wewe nisingekuwa hapa." Zamani nilikuwa nikifurahi. Siku hizi nacheka nao, lakini moyoni nafanya hesabu. Hawa ni wale 29. Wanaokuja kunishukuru ni waliobaki. Katika wale 14, hata mmoja hajawahi kuvuka barabara kuja kunipa mkono, na hiyo barabara ya Mombasa si pana. Baraza lote linalosema "tulichapwa na tukawa watu" ni baraza la waliobaki. Waliotoka wako kwenye mabaraza mengine, au hawana wakati wa kukaa barazani.

Haya nilimwambia binti yangu, ambaye naye ni mwalimu, wa sekondari msingi, yaani gredi ya saba hadi ya tisa. Nilidhani atafurahi, mama amekiri. Akanitazama kwa macho yaliyochoka. Wiki hiyo mvulana wa gredi ya nane alikuwa amemtukana mbele ya darasa, tusi la nguoni. Alimpeleka kwa mwalimu wa ushauri nasaha, mzazi akaitwa, mzazi akaja na simu imewashwa anarekodi, akisema ataipeleka mbali akisikia mtoto wake ameguswa. "Hakuna aliyemgusa, mama," akasema. "Nilikuwa nataka tu aombe radhi." Kisha akaniuliza, "Nyinyi mlikuwa mkifanyaje?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu sisi tulikuwa na jibu moja tu, na alilijua.

Hapo ndipo nakubaliana na kakangu nusu. Fimbo iliondolewa kwa waraka, kisha katiba ya 2010 ikasema hakuna mtu wa kuadhibiwa viboko, kisha sheria ya elimu ya 2013 ikakataza mpaka mateso ya kiakili. Vyema. Lakini mahali ilipokuwa imesimama ile fimbo hapakuwekwa kitu. Mwalimu wa ushauri nasaha shuleni kwa binti yangu ndiye huyo huyo mwalimu wa hesabu na ndiye wa michezo. Na yule mwalimu mkuu wa kuketi dawati la nyuma hayupo tena. Binti yangu hujaza fomu za tathmini kwenye mtandao saa nne usiku, apandishe na ushahidi kwamba alifundisha. Anampima mtoto kwa "kuzidisha matarajio", "kufikisha matarajio", "kukaribia matarajio" na "mbali na matarajio". Maneno mazuri, hayamwiti mtoto mjinga, nayapenda. Lakini nimemuuliza mara ngapi mtu amekaa nyuma ya darasa lake akamsikiliza kipindi kizima. Akafikiri. Akasema labda alipokuwa chuoni.

Na kazi za nyumbani za mjukuu wangu, nisianze. Juzi aliambiwa alete kifaa cha muziki alichokitengeneza mwenyewe. Kilitengenezwa na babake, mimi na fundi wa baiskeli.

Ijumaa iliyofuata ile ya kipepeo, nilikwenda barazani na rejista mbili kwenye mfuko wa sokoni. Wale wengine walikuwa hawajafika. Mjukuu wangu ndiye aliyezifungua, akaona sifuri nyingi, akafurahi akidhani ni mchezo.

"Bibi, hizi nyekundu ni nini?"

Nikamwambia.

"Na huyu aliyekatwa, alikwenda wapi?"

Nikasema sijui.

Kakangu alikuwa akitazama pembeni, kama mtu asiyejali. Akavaa miwani. Akaivuta rejista akaiweka juu ya goti. Akasoma jina la kwanza lililopigwa mstari, akasema, "Huyu yuko Kongowea, auza vitunguu." La pili, "Huyu marehemu. Bahari." La tatu hakulijua. La nne, "Huyu si yule dada wa viazi karai pale kona ya msikiti?" Alikuwa ndiye. Nimekula viazi vyake miaka kumi. Huniwekea ukwaju mwingi, na hajawahi kuniita mwalimu, huniita mama.

Mzee wa bandarini, aliyekaa barazani miaka yote nikimwona hana kazi, alijua wanane kati ya 14. Mimi niliyewaandika kwa mkono wangu nilijua wawili wa harusi.

Kidole chake kikasimama kwenye jina moja la chini.

"Huyu ndiye anayeninyoa," akasema. "Mwembe Tayari. Kila Jumamosi ya pili."

"Ninamkumbuka," nikasema. "Mwandiko wake ulilala kushoto."

"Ulimchapa?"

"Niliwachapa wote."

Akaifunga rejista, akaipangusa jalada kwa kiganja ingawa halikuwa na vumbi. "Jumamosi nakwenda kunyoa," akasema. "Nimuulize kilichomtoa shule?"

Nikasema amuulize.

Hiyo ilikuwa wiki tano zilizopita. Kakangu ameshanyolewa mara mbili, kichwa ching'ara. Kahawa twanywa kama kawaida, na wazee wakianza zile habari za watoto wa siku hizi, yeye huwaitia muuza kashata. Mimi sijamuuliza, naye hajaniambia.